Chakula cha Watu Wawili

Baba yangu hajui kupika chakula cha watu wawili. Mpe gunia la mchele, ng'ombe aliyechinjwa alfajiri na ua lenye upepo mbaya, atakupikia pilau mpaka wageni wasahau kama wamekuja msibani au harusini. Lakini mpe kikombe cha mchele na paja la kuku, chakula chake yeye na mimi mwanawe, atasimama jikoni kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa. Nimemwona amesimama hivyo. Mimi ndiye niliyemfikisha hapo, na nilimfikisha kwa sababu ya elimu, jambo ambalo nyumbani kwetu halitokei mara nyingi.

Kwetu huku Msambweni chakula cha shughuli hupikwa na wanaume. Wanawake hupika kila siku ya Mungu na hakuna anayewashangilia. Ikifika harusi au hitima, wanaume hujifunga vikoi, hupanga mafiga uani, hupasua kuni kwa vishindo, na hujiona kama wanajenga daraja. Baba alikuwa mkuu wa mafiga hayo tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa na mwiko wake mwenyewe, mrefu kama kasia, aliouleta na kuuondoa yeye mwenyewe. Na alikuwa haonji. Aliinama juu ya mvuke, akafumba macho, akavuta pumzi, akajua. Mpishi wa kuonja, alikuwa akisema, ni kama nahodha wa kuuliza njia.

Nilipokuwa mdogo, nilichokipenda hasa si pilau bali matusi. Pale mafigani watu walitukanana kwa raha ambayo sijaiona mahali pengine. Na chakula kikishapakuliwa, watu wakishazunguka kila kundi sinia lake, matusi yalivuka ua.

"Mzee, leo nyama umeipeleka kwa wakwe?"

"Ilikuwapo," baba alijibu kutoka kwenye moshi. "Imekuona wewe, imekimbia."

"Na huu ni wali au kokoto?"

"Kula. Meno si yako ni ya kuazima, unaogopa nini?"

Watu walicheka huku wakila, na masinia yalirudi yakiwa yamepanguswa. Sikuwahi kumsikia baba akiambiwa asante. Asingejua aiweke wapi.

Kisha mkono wake ukaanza kutetemeka. Si sana. Kikombe cha chai kilifika mdomoni kikiwa kimepungua kidogo, basi. Hakuna aliyemwambia aache kupika. Walimfanyia jambo baya zaidi: walimheshimu. Siku moja, kwenye harusi, alipokuwa anajifunga kikoi, vijana wawili walimjia, wakamshika viwiko kwa upole.

"Ami, leo wewe ni mgeni. Njoo ukae."

Wakampeleka kwenye mkeka wa mbele, pamoja na imamu na wazee, wakampa mto wa kuegemea, wakamletea sinia la kwanza kabla ya mtu yeyote. Tangu siku ile pakawa ndipo mahali pake. Kwetu hivyo ndivyo mtu anavyostaafishwa. Hapewi barua, hupewa mto.

Alirudi nyumbani ameshiba, na uso wa mtu aliyeibiwa na watu wenye adabu.

"Wamenipa mto," akaniambia.

"Mto mzuri?"

"Wa sufi."



Sasa nijieleze na mimi, maana msomaji atauliza mwana alikuwa wapi. Mwana alikuwa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nipumzike kidogo, na bado napumzika. Natengeneza feni, pasi na redio hapo barazani kwetu. Watu huniletea, kwa hiyo sina sababu ya kwenda popote. Kuna watu wa hapa wanaofanya kazi hotelini Galu, kuna wanaoshinda Shimoni kwenye samaki, na kila mmoja akipita asubuhi hunikuta nimekaa, akirudi jioni hunikuta nimekaa, na huniuliza kama kiti kimeota mizizi. Mke nilikuwa naye. Aliondoka akisema hawezi kuwa mke wa pili, wa kwanza akiwa kiti. Mama alikwisha kutangulia mbele ya haki. Tukabaki wawili, baba na mimi, na jikoni nikaingia mimi, mtoto wa mpishi ambaye ugali wake mtu anaweza kuzibia paa.

Baada ya ule mto, baba alianza kuacha chakula. Alikuwa akisema "nimeshiba" na sahani imejaa. Kila nilichompikia alikitia chumvi kabla hajakigusa, na zahanati walikwisha kumkataza chumvi kwa sababu ya presha. Nikawa naficha kopo. Akawa analipata. Nikadhani ni ukaidi wa wazee, tukagombana kidogo kila siku, na ugomvi ule ndio uliokuwa mazungumzo yetu.

Shati likaanza kumpwaya. Alikaa barazani karibu na feni zangu mbovu, nyuma yake mwiko umetundikwa ukutani, na alisikiliza kipaza sauti cha msikiti. Kukitangazwa kifo alisema "Inna lillahi," kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kama anayeongea na kidevu chake, "Hao watahitaji masufuria mawili." Baadaye tulisikia kwamba kweli yalikuwa mawili. Alienda, akakaa kwenye mto, akaletewa sinia la kwanza, akarudi. Kila akirudi alikuwa mwembamba zaidi. Nikaanza kuogopa. Sikumwambia mtu, ila usiku nilikuwa nikisikiliza kama anakoroma, na akikoroma nilikasirika, na asipokoroma niliinuka.

Mzee wa kijiji ndiye aliyeniletea habari ya semina. Ilikuwa ya watu wanaolea wazee na wagonjwa nyumbani, Ukunda, kwenye ukumbi, pamoja na chai na maandazi. Alinichagua mimi, akasema, kwa sababu mimi ndiye mtu pekee ambaye alikuwa na hakika ya kumkuta. Nilikwenda kwa ajili ya maandazi. Wengine wote walikuwa akina mama wenye kanga mbili mbili na uchovu wa miaka.

Mwalimu wetu alikuwa msichana wa bara aliyehamia Ukunda, mcheshi, mwenye Kiswahili kinachokimbia. "Mko poa?" akauliza, na bibi mmoja mbele yangu akajibu "Alhamdulillahi" kwa mashaka, kama aliyeulizwa kitu kuhusu mavazi yake. Yule msichana akabandika karatasi kubwa ukutani, akachora pembetatu, akaikata kwa mistari. Chini kabisa, akasema, kuna mahitaji ya mwili: chakula, maji, usingizi. Juu yake usalama: paa, amani, kutokuwa na hofu ya kesho. Halafu kupendwa na kuwa wa watu fulani. Halafu heshima. Na kileleni, padogo, kuna haja ya mtu kuwa kile anachoweza kuwa, kama mbegu inavyokuwa mti wake na si mti wa jirani. Mtaalamu mmoja wa zamani wa mambo ya nafsi, akasema, alitufundisha kwamba hiyo nayo ni njaa. Mtu anaweza kushiba chini na kufa njaa juu.

Nilijitafuta katika ile pembetatu. Nilijikuta karibu na chini, nimelala.

Kisha akatuzungukia, akiuliza kila mmoja mtu wake yuko ngazi gani. Akanifikia.

"Wangu yuko ya nne," nikasema. "Kwenye heshima. Wamemweka huko na mto."

"Basi huyo anaendelea vizuri."

"Hali chakula."

Akina mama wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akaitazama pembetatu yake, akanitazama mimi, na nilimpenda kwa vile alivyonyamaza kabla ya kusema.

"Hii picha ni safi kwa sababu karatasi ni safi," akasema. "Wanasema hata huyo mtaalamu hakuichora yeye, wamechora watu wa baadaye. Yeye mwenyewe alisema ngazi zinaweza kupinduka, na mtu anaweza kuwa na njaa zote mara moja. Na heshima ziko mbili. Kuna ya kupewa na watu, na kuna ile ya mtu kujua mwenyewe kwamba anaweza. Hiyo mto, alipewa badala ya nini?"

"Badala ya mwiko," nikasema, na akina mama wakatazamana, maana kila mmoja pale alikuwa na mwiko fulani aliomnyang'anya mtu wake kwa mapenzi. Bibi wa mbele yangu alisema mama yake aliacha kusema tangu alipokatazwa kufagia ua.

Kabla hatujaondoka, yule msichana alitueleza habari za mtaalamu wa pili. Huyu, akasema, alikuwa na imani kwamba mtu hukua mwenyewe, kama mmea unavyotafuta mwanga, mradi apate pembeni yake mtu mmoja wa kufanya mambo matatu. Ampokee alivyo, bila masharti. Amsikilize mpaka aone kama anavyoona yeye. Na awe mkweli mbele yake, asivae uso wa kuazima. Mambo mawili ya kwanza yalinifaa sana, kwa kuwa hayamtaki mtu ainuke kitini. La tatu nililiacha Ukunda pamoja na vikombe.

Nilirudi nimejaa elimu. Nikapita dukani nikanunua paja la kuku, mchele na viungo, nikampa baba mwiko wa kawaida, ule mdogo wa nyumbani, nikamwambia leo apike yeye.

Akaingia jikoni. Akasimama, kama nilivyosema. Akachukua kikombe cha mchele, akakiinua karibu na macho.

"Hiki nini?"

"Mchele."

"Wa nani?"

"Wetu. Mimi na wewe."

"Na hao wengine watakula nini?"

"Wengine gani, baba?"

Akawasha moto uliotosha kuchoma chokaa. Akafumbata bizari, akatia, na fumbato lake lilikuwa lilelile la siku zote, la sufuria ya gunia. Kile chakula kilitoka cheusi, kinanuka kama duka la Mhindi wa dawa. Tulikaa tukakila. Baba alitafuna akitazama mlango.

"Sijui kupika chakula cha watu wawili," akasema. "Sikuwahi kuwa na watu wawili."

Nikampokea bila masharti, nikamsikiliza, na usiku tukanywa maji sana.

Miezi ile ile alifariki bibi mmoja jirani yetu, muuza viazi vya karai, mtu aliyenidai salamu kila akipita. Hitima ikapangwa. Nami nikafanya jambo ambalo watu walilizungumza kuliko msiba wenyewe: nilitoka nyumbani. Nilikwenda kumtafuta mpishi mkuu wa siku hizi, ambaye ni kijana aliyefundishwa na baba na sasa yuko jikoni kwenye hoteli moja ya Galu. Siku za shughuli huomba ruhusa akaja. Nikamkuta anaosha masufuria.

"Leo jua limetoka magharibi," akasema. "Wewe umetoka, au nyumba imekufuata?"

"Nimekuja kuomba."

"Nyundo?"

"Sufuria moja. Mpe baba sufuria moja ya kesho."

Akaacha kuosha. "Kaka, mkono wake."

"Mkono hauonji."

"Na yeye mwenyewe haonji." Akacheka, kisha akaacha. Alichukua muda akisugua mahali palipokwisha takata. "Ami alinifundisha nikiwa sijui hata kushika kisu. Nitamkatalia kwa mdomo gani? Lakini elewa kitu kimoja. Nikishampa, nimempa. Mimi siwezi kumsahihisha ami mbele za watu."

"Nani amekuambia umsahihishe?"

Nikarudi nimefurahi. Nilisikia ruhusa tu. Lile lingine lote sikulisikia, mimi niliyetoka juzi kufundishwa kusikiliza.

Asubuhi ya hitima baba aliamka kabla ya adhana. Alikuwa amekwisha kuuosha mwiko. Alitembea mbele yangu mpaka uani kwa marehemu, na mgongo wake ulikuwa wa mtu mwingine, mtu niliyemwona mara ya mwisho nikiwa na suruali fupi. Vijana wakampisha. Akayapanga mafiga upya, ingawa yalikuwa yamepangwa, akachungulia kuni, akasema, "Hizi mmezitoa baharini?"

Wote wakacheka. "Samahani, ami," akasema mmoja. "Tutaleta nyingine, ami."

Baba akamtazama kidogo, kama aliyerusha mpira na hakuna aliyeurudisha. Lakini moto ulikuwa unashika, akageuka.

Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikamtazama. Alikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawia ile anayoitaka yeye. Nyama ikaingia, viungo vikaingia, harufu ikapanda mpaka waliokuwa ndani wakisoma Kurani bila shaka walisahau herufi. Mkono ulitetemeka, ndiyo, lakini mwiko ulikuwa mzito na ulimtuliza. Supu ikachemka. Baba akafumbata chumvi, akatia.

Ndipo watu wakaanza kumwona. Kwa miaka walimzoea kwenye mto, na sasa yuko kwenye moshi, na kila aliyeingia uani alitaka kumsalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Na yule mdogo wako aliyelazwa?"

Kwetu shikamoo haijibiwi kwa bega. Mtu huacha alichoshika, hugeuka, huuliza watu wa nyumbani mmoja mmoja, wagonjwa na wazima, kisha naye huulizwa. Akaja wa pili, akaja wa tatu, akaja mama mmoja aliyemjua baba tangu ujana, wakamkumbuka marehemu, wakashukuru Mungu, wakamkumbuka tena. Waliokuwa wakimheshimu walijipanga. Na walipokwisha, baba akageukia sufuria yake, akaitazama supu inavyochemka, akafumbata chumvi, akatia.

Yule mpishi wa Galu alikuwa ng'ambo ya moto, kwenye sufuria yake. Nilimwona anafungua mdomo. Nikamwona anaufunga. Nilidhani anapiga miayo, maana walikuwa wameamka mapema.

Baba akainama, akavuta mvuke, akafumba macho. "Sawa," akasema. Mchele ukaingia.

Mimi nilikula kwenye sinia la sufuria ya baba. Tonge la kwanza lilinifunga masikio. Nikatazama wenzangu. Kila mmoja alikuwa ametulia, anatafuna polepole, macho chini, kama watu wanaosikiliza mawaidha. Mmoja akanyoosha mkono kwenye jagi la maji. Mwingine akalipokea. Jagi lilizunguka likarudi kwa mwenyewe likiwa tupu. Uani kote hakukuwa na sauti isipokuwa ya maji. Nikangoja. Nikasema moyoni, sasa hivi atasikika mtu, sasa hivi mtu atapiga kelele: mzee, umetupikia bahari? Nilitamani hata mimi nipige. Lakini aliyetangulia kusema alikuwa mzee mmoja wa mkeka wa mbele.

"Mashallah," akasema. "Mkono haujapotea."

"Mashallah," wakaitikia wote.

Masinia ya baba yalirudi na wali. Vijana waliyapokea mbali, nyuma ya nyumba, wakamwaga haraka kabla hajageuka. Mbuzi waliufikia ule wali, wakanusa, wakaenda zao. Baba hakuona. Alikuwa amekaa kwenye jiwe lake karibu na mafiga, anakula ukoko, kama mpishi anavyokula, wa mwisho. Alikula mpaka akamaliza. Nami nikimtazama anautafuna ule ukoko bila kukunja uso, nikaelewa habari ya kopo la chumvi nililokuwa nikilificha. Haukuwa ukaidi. Ulimi wake ulikuwa umekwenda. Sijui ulikwenda lini. Pengine hata yeye hakujua kwamba pua nayo imeondoka.

Njiani alikuwa mwepesi. "Umeona?" akaniambia.

"Nimeona."

"Hakuna aliyesema neno. Siku hizi watu wana adabu."

Siku zilizofuata alikula. Hili lazima niliandike, kwa kuwa ndilo lililonifunga mdomo. Alikula hata ugali wangu, akautukana, akaomba mwingine. Alizungumza. Alinieleza shughuli za zamani, nani alipika nini na nani aliunguza. Nilikuwa nimelishwa uongo mtamu pamoja naye na nilinenepa nao. Yule msichana wa Ukunda angekuja siku zile ningemwonyesha: tazama, mzee yuko kileleni, na tumempandisha kwa pilau lisilolika.

Kisha kipaza sauti kikatangaza msiba mwingine. Baba akaushusha mwiko, akauosha, akauanika. Akangoja aitwe. Alikuja kijana mpole sana kumwambia kwamba mkeka wake uko tayari. Baba akasema anaumwa goti. Ikaja harusi. Akauosha tena mwiko. Ikaja hitima nyingine. Shati likarudi kumpwaya.

Siku moja nilikuwa nimefungua feni ya mtu, skrubu zimetapakaa sakafuni, baba akaniuliza bila kunitazama.

"Kwa nini hawaniiti?"

Nikasema labda wana wapishi wengi.

"Nimekuuliza wewe," akasema, "kwa sababu wewe huna adabu. Kwa nini hawaniiti?"

Nikatafuta skrubu moja ambayo haikuwa imepotea. Nikaikumbuka ile karatasi ya ukutani, na lile jambo la tatu nililoliacha na vikombe.

"Chumvi, baba. Ilizidi."

"Ilizidi vipi?"

"Ulitia, ukasalimiwa, ukatia tena. Watu walikunywa maji mpaka nikadhani kisima kitakauka. Mbuzi walikataa."

Mtaa ulikuwa na kelele zake za kawaida.

"Mbuzi?"

"Walinusa wakaenda."

Kikamtoka kicheko kidogo, kikavu, cha kwanza cha kweli tangu mambo ya mto, na nikadhani tumevuka. Kisha kikakatika.

"Na wote walijua?"

"Wote."

"Na yule niliyemfundisha mimi? Alikuwa ng'ambo ya moto."

Ningeweza kusema hakuona. Ulimi ulikwisha kuzoea ukweli, ukateleza. "Alikuona ukitia mara ya pili. Alitaka kusema, akaona haya."

Hilo ndilo lililomwingia. Chumvi angeisamehe, mkono angeusamehe. Aliutazama ukuta muda mrefu.

"Mimi," akasema, "mtu akikosea pale nilikuwa nampiga kofi la kisogo. Yeye nimempiga mara ngapi." Akaweka mikono yake magotini, mmoja ukitetemeka, mwingine ukiushika. "Basi walikuwa hawapiki na mimi. Walikuwa wananitembelea."

Akainuka, akaingia ndani, akalala mchana, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

Sijui kama nilifanya vyema. Wataalamu wale wangesema nilikuwa mkweli, na mtu hukua palipo na ukweli. Baba hakukua. Aliacha kusikiliza kipaza sauti. Mwiko aliutoa ukutani yeye mwenyewe, na sasa unazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Anakula nusu, siku nyingine robo. Lakini jioni ninapokuwa mekoni husikia sauti yake kutoka barazani:

"Umetia chumvi?"

"Nimetia."

"Mara ngapi?"

Hacheki anapouliza. Mimi ndiye ninayecheka, kidogo, peke yangu, na macho yananiwasha, nasema ni moshi.

Wiki hii kulikuwa na hitima nyumba ya tatu kutoka kwetu. Walimwekea mkeka, hakwenda. Mimi kutokwenda si habari. Tulikaa barazani tukisikiliza, na ng'ambo ya makuti ya ua sauti za wanaume zilikuwa zinapanda, wakitukanana.

"Kuni," baba akasema. "Wanagombania kuni. Mmoja ameleta mbichi."

"Utamtukana?"

"Hanisikii."

Adhuhuri ikapita, wakatuletea sahani iliyofunikwa, kwa adabu zote, kwa mikono miwili. Nikaiweka kati yetu, nikaifunua. Baba aliinama juu ya mvuke, akafumba macho, akavuta pumzi. Akavuta tena. Nikangoja aseme sawa.

"Onja wewe," akasema.

Nikaonja.

"Iko sawa?"

"Iko sawa, baba."

"Kweli?"

"Kweli. Nzuri sana."

Akaitikia kwa kichwa, akaniamini. Nadhani siku hizi ananiamini mimi tu. Akachukua tonge moja, akatafuna kwa muda mrefu kama anayetafuta kitu alichokiangusha humo, akameza, akanisogezea sahani.

"Kula basi," akasema. "Wewe ndiye mwenye ulimi. Umekaa nao bure miaka yote."